Lugha Yangu Ilidahiliwa Kabla Yangu

Nianze na dai lenyewe ili tusipotezeane muda. Idara za isimu zenye majina makubwa, huko Uingereza na Marekani, zilishazidahili lugha zetu zamani sana, bila fomu, bila ada, bila barua za mapendekezo. Wasemaji wa lugha hizo ndio tumeachwa getini tujieleze. Na maswali tunayoulizwa pale getini hayahusu isimu. Tunaulizwa kama tuna fedha, kama tunakijua Kiingereza cha mtihani, na kama maisha yetu yamekuwa magumu kiasi cha kumsisimua msomaji. Kama tunajua chochote kuhusu lugha, hilo husubiri zamu yake, na mara nyingi zamu haifiki.

Najua wapo watakaosema haya ni maneno ya mkosaji. Niwarahisishie kazi: sikukosa. Nilipomaliza shahada ya kwanza niliomba nafasi ya umahiri wa isimu katika chuo kimoja cha Uingereza ambacho kila mwaka huchukua wachache na kukataa wengi. Nikachukuliwa, kwa masharti. Sharti lilikuwa IELTS, alama 7.5 kwa jumla na isiyopungua 7 katika kila sehemu. Nilipata 8 ya kusikiliza, 8 ya kusoma, 7.5 ya kuzungumza na 6.5 ya kuandika. Piga hesabu, jumla yake inatoa 7.5 kamili. Ila ile nusu alama ya kuandika ikaifuta barua yangu ya udahili.

Mtihani wa kuandika unakupa dakika 60. Ndani ya muda huo unaeleza mchoro wa takwimu kwa maneno yasiyopungua 150, kisha unajenga hoja juu ya mada ya jumla kwa maneno yasiyopungua 250. Wakati huohuo, kwenye faili langu, mikononi mwa watu walewale, kulikuwa na sampuli yangu ya uandishi: kurasa 20 za Kiingereza kuhusu toni ya vitenzi vya Kisukuma. Walizisoma ndipo wakanichukua. Hakuna aliyesema hazieleweki. Kurasa 20 zilizowashawishi wanaisimu zikashindwa na saa moja ya kueleza mchoro.

Kurudia mtihani kungenigharimu tena zaidi ya laki tano, na tarehe ya mwisho isingenisubiri. Nikaomba hapa Dar es Salaam, nikapata, na sasa nasoma umahiri wa somo lilelile. Sina cha kulilia. Nina cha kudai.

Tutazame historia kwanza, kwa sababu geti hili halikujengwa jana. Mwaka 1862 Mjerumani Wilhelm Bleek alichapisha sarufi linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika, na kwa kitabu hicho neno Bantu likakaa katika isimu kama jina la familia yetu ya lugha. Mwaka 1887 Berlin ikafungua seminari ya lugha za mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo. Mwaka 1948 Malcolm Guthrie wa London akazigawa lugha za Kibantu katika kanda na kuzipa namba. Kiswahili kikawa G42, Kisukuma kikawa F21. Hadi leo ukiingia katika semina ya isimu ya Afrika ukasema F21, wenyeji wa semina wanakuelewa. Bibi yangu kule Maswa hajui kwamba yeye ni F21. Ana miaka themanini na kitu, na siku zote hizo amedhani ni Msukuma.

Wasemaji nao wamo katika historia hiyo, ila walikalishwa pembeni. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye seminari ile. Kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mkono wake. Jina lililokaa kwenye jalada ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekikusanya. Jina la Mtoro lilipanda jaladani mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ilipochapishwa Marekani. Hiyo ni miaka 78 baadaye, na mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki hukohuko Berlin mwaka 1927. Siku utakapolalamika kwamba ofisi ya udahili imechelewa kukujibu barua pepe, mkumbuke mzee huyu.

Kisha zikaja nadharia. Mwaka 1959 Irvine Richardson alichapisha London kitabu kizima kuhusu nafasi ya toni katika muundo wa Kisukuma. Kwa wasiokijua Kisukuma, jambo lenyewe ni hili: toni ya juu haikai pale ilipozaliwa. Mzizi wa kitenzi unakuja nayo, lakini sikio linaisikia silabi mbili mbele. Mwaka 1976 John Goldsmith aliandika tasnifu huko MIT akionyesha, kwa kutumia Kiigbo na lugha nyingine, kwamba toni inaweza kuchambuliwa kivyake, mbali na silabi inayoibeba. Miaka michache baadaye akaandika kuhusu toni ya Kisukuma pia. Fonolojia inayofundishwa leo katika vyuo hivyo vikubwa imekula na kushiba kwenye vyungu vya Afrika. Silalamiki kwamba walikula. Chungu kikipikwa vizuri kila mtu ale. Nauliza kwa nini aliyepika anatakiwa kulipa kiingilio.

Na tunajua mambo yanavyokwenda msemaji anapoingia kama mtaalamu. Mwaka 1987 jarida la Language lilichapisha makala kuhusu Kichewa ya Joan Bresnan na Sam Mchombo. Swali lao lilikuwa hivi: kile kiambishi cha mtendwa kinachokaa ndani ya kitenzi, kama hiyo -mw- katika “nimemwona”, ni kiwakilishi kamili, au ni alama ya upatanisho tu? Makala ile ingali inasomwa na kubishaniwa. Mchombo ni Mmalawi, na Kichewa ni lugha yake. Jina lake halikuachwa chini kwenye shukrani, pale wanapotajwa watu waliotoa mifano na chai. Liliwekwa juu, la mwandishi mwenza. Herman Batibo, Mtanzania, alichapisha Paris mwaka 1985 kitabu kuhusu fonolojia na mofolojia ya Kisukuma. David Massamba aliandika tasnifu ya uzamivu kuhusu toni ya Ciruri, lugha ya kando ya Ziwa Viktoria, katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1982, kisha akarudi kutuandikia vitabu vya fonolojia kwa Kiswahili. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sisi ni wa kutoa mifano tu.

Hata anayetoa mifano si kama wanavyomdhania. Zile kurasa 20 zilitokana na likizo moja niliyokaa na bibi nikimrekodi kwa simu. Nilikuwa nimeandaa orodha ya vitenzi, kimoja kimoja, kama vitabu vinavyoelekeza. Nikimtajia kimoja ananitazama tu. Mwishowe akasema, “Mjukuu wangu, hakuna mtu anayekisema hivyo peke yake. Kipe cha kukifuata, ndipo kitasikika.” Nikaongeza maneno baada ya kitenzi. Toni ambayo kwa siku mbili nzima nilikuwa nasema haipo ikachomoza kule mbele. Bibi hakuwahi kusikia neno fonolojia, lakini alijua kwamba sauti ile inahitaji nafasi ya kutembea, na kwamba mimi niliikatia barabara. Huo ni uchambuzi. Kama angeufanya mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikubwa, angesifiwa mbele ya darasa.

Sasa njoo kwenye fomu. Ile niliyojaza ilikuwa na kisanduku cha lugha ya kwanza. Kimoja. Mimi nimekua na Kisukuma cha bibi na Kiswahili cha uani, na sikumbuki siku ambayo nilikuwa na kimoja bila kingine. Orodha ya kuchagua ilikuwa na Kiswahili, Kisukuma haikuwa nacho, ila chini kabisa kulikuwa na “nyingineyo”. Chuo ambacho idara yake inafundisha kwamba kukua na lugha zaidi ya moja ni hali ya kawaida ya binadamu kilinitaka nitaje moja. Lugha ambayo maktaba yao ina kitabu chake tangu 1959 ilikuwa kwenye fungu la nyinginezo.

Fomu ya pili, ya chuo kimoja cha Marekani, iligoma kupokea GPA inayozidi 4. Yangu ni 4.5 kati ya 5, ndivyo vyuo vyetu vinavyohesabu. Mfumo huohuo ukamkataa mwalimu wangu kwa sababu anwani yake ya barua pepe haikuwa ya chuo. Wiki ile barua pepe za chuo zilikuwa zimelala, kama zinavyolala mara kwa mara, na mwalimu akatumia ile yake ya siku zote. Kwa mashine, profesa aliyefundisha miaka thelathini akawa mtu asiyejulikana. Juu ya yote hayo, ada ya kuomba ilikuwa dola 90. Ya kuomba tu, kusoma bado. Washauri wanakwambia uombe vyuo vitano au sita ili ujiwekee akiba. Kokotoa mwenyewe, kisha ukumbuke boom lako lilikuwa shilingi ngapi.

Wakijibiwa haya, watetezi wa geti hushika ngao yao kubwa: masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, lazima tujue kama unakimudu. Hoja hii ina uzito, sitaipuuza. Mtu asiyeelewa mhadhara atateseka, na si haki kumchukulia ada zake halafu akateseka. Lakini ushahidi wa kwamba ninaelewa upo. Tangu kidato cha kwanza, masomo yangu yote isipokuwa Kiswahili yamefundishwa kwa Kiingereza. Mitihani ya taifa niliandika kwa Kiingereza. Kozi zangu za isimu chuoni zilikuwa za Kiingereza, na matokeo yake yako kwenye faili. Kama hayo hayatoshi, simu ya dakika ishirini na mwalimu wa idara ingemaliza ubishi.

Na tusiisingizie serikali. Ni kweli kwamba orodha ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi uthibitisho wa Kiingereza kwa ajili ya viza ina Malta, ina Belize, ina Barbados, na haina nchi hata moja ya Afrika. Hakuna Kenya, hakuna Ghana, hakuna Nigeria. Hilo lenyewe ni la kuandikiwa makala yake. Lakini kwa masomo ya ngazi ya shahada na kuendelea, vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuamua namna ya kuupima uwezo huo. Kwa hiyo chuo kinachong'ang'ania mtihani wa kulipia kimechagua. Kingeweza kuchagua vingine.

Halafu matokeo ya mtihani wenyewe huisha muda baada ya miaka 2, kama dawa ya kikohozi. Mimi Kisukuma sikukisema kwa mwaka mzima nilipokuwa bweni, na niliporudi bibi hakuniambia cheti changu kimeisha muda. Idara za isimu, kuliko idara zote duniani, zinajua lugha inavyokaa kichwani mwa mtu. Zikikaa kimya mbele ya sharti la namna hii, ukimya wao ni wa wataalamu, na ndiyo maana unaudhi zaidi.

Nije kwenye machozi. Kila fomu inataka barua ya dhamira, na baadhi ya vyuo vya Marekani vinataka na waraka wa pili, wa historia ya maisha, ueleze ulikotoka na vikwazo ulivyovuka. Huku kwetu limeota soko la kuzinyoosha barua hizo. Kuna makundi ya WhatsApp, kuna kaka zetu na dada zetu waliotangulia, kuna wanaotoza kwa kurasa. Ushauri wao ni mmoja: anza na shida. Taja kutembea kwenda shule. Taja kibatari. Mmoja aliyeisoma rasimu yangu aliniandikia pembeni, “Punguza toni, ongeza bibi.” Alitaka bibi awe maskini anayeuza mbuzi ili nisome. Bibi yangu ana ng'ombe na ana maoni, na katika utafiti ule alikuwa mwalimu wangu. Kumgeuza kuwa picha ya dhiki ili kamati ya watu watano ilainike ni kumfanyia yale aliyofanyiwa Mtoro: kazi yake ibaki, jina na akili viondolewe.

Kijana wa Manchester akiandika kwamba anapenda kujua kwa nini toni inahama, sentensi hiyo inamtosha. Udadisi wake unaaminika bila wasifu wa njaa. Nataka na wa kwangu uaminike hivyo. Sijaanza kuisikiliza lugha kwa sababu nilikosa viatu.

Kisha lipo suala la lugha ya sampuli. Dada mmoja tuliyesoma naye aliandika tasnifu ya umahiri kuhusu ngeli ya mahali, PA, KU na MU, na jinsi wazungumzaji wa mjini wanavyoziacha au kuzichanganya. Aliandika kwa Kiswahili, kama inavyoruhusiwa na kuhimizwa katika idara za Kiswahili. Ni kazi safi kuliko nyingi nilizosoma kwa Kiingereza. Alipotaka kuomba uzamivu nje, akaambiwa sampuli iwe ya Kiingereza. Hakuombwa muhtasari, aliombwa aandike upya. Chuo hichohicho kinafundisha Kiswahili. Kina walimu wanaokisoma. UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, vyuo vya namna hiyo vilifurahi pamoja nasi, na kila Julai huweka mabango. Mwenye bango la Kiswahili ashindwe kusoma kurasa 20 za Kiswahili zenye sarufi ya Kiswahili? Istilahi zipo. Massamba alitutolea kamusi ya isimu na falsafa ya lugha mwaka 2004, na walimu wetu wamekuwa wakiandika fonolojia na sintaksia kwa Kiswahili kabla sijazaliwa. Kinachokosekana ni nia ya kusoma.

Hapo ndipo huja jibu la mwisho, nalo hutoka kwa watu wetu wenyewe: kama hawakutaki, kaa kwenu. Kwetu nipo, na sijadhurika. Ninafundishwa vizuri, na walimu wangu wameizungukia nchi hii wakirekodi lugha zake. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia atlasi mwaka 2009. Sisomi hapa kama mtu aliyepewa kiporo. Lakini “kaa kwenu” ni ushauri wa anayesahau vitu vyetu viko wapi. Miswada ya mashairi ya Muyaka wa Mombasa, ambayo mmisionari W. E. Taylor aliikusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, imo katika maktaba ya SOAS, London. Fedha za utafiti, kwa sehemu kubwa, ziko hukohuko. Majarida yanayoamua nadharia ipi iishi na ipi ife yanahaririwa hukohuko. Anayesema tukae kwetu anasema, bila kujua, kwamba vitu hivyo vibaki bila sisi.

“Lakini waombaji ni wengi, lazima wachujwe.” Wachujwe. Sijaomba geti ling'olewe. Nimeomba lichuje isimu. Na namna ya kufanya hivyo inajulikana hata kwa watoto wa sekondari. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na Olimpiadi ya Kimataifa ya Isimu, iliyoanzia Bulgaria. Mshiriki hupewa data za lugha asiyoijua, na kazi yake ni kugundua kanuni: nini kinabadilika, wapi, kwa nini. Hahitaji kuwa amesoma isimu. Na maswali hutolewa katika lugha mbalimbali, ili mtu apimwe akili ya kuchambua na asipimwe lugha ya karatasi. Kama vijana wa miaka kumi na saba wanaweza kupimwa kwa haki namna hiyo, idara yenye maprofesa inashindwa nini? Nipe saa tatu na ukurasa wa lugha ya Papua. Niweke pamoja na kijana wa Manchester, naye apewe ukurasa huohuo. Akinishinda nitampa mkono, na sitaandika neno.

Basi madai yangu kwa idara hizo ni manne, na hayahitaji bajeti kubwa. Futeni ada ya maombi kwa wanaoomba kutoka nchi ambazo lugha zake zimejaza vitabu vyenu. Pokeeni shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza kuwa ushahidi wa Kiingereza, bila kujali bara iliyotoka. Someni sampuli iliyoandikwa kwa lugha ambayo nyinyi wenyewe mnaifundisha. Na badala ya hadithi ya maisha, tupeni swali la isimu.

Na sisi huku tusijifanye watakatifu. Geti hili lina mlinzi wa Kiswahili pia. Sekondari niliyosoma ilikuwa na kibao kilichoamuru tuzungumze Kiingereza tu, na aliyeropoka Kisukuma alifagia uwanja. Nimewasikia watu wenye shahada wakisema lugha za makabila hazina sarufi, huku wakizipanga nomino vizuri katika ngeli zake bila kukosea hata moja. Tukiziita lahaja za porini mbele ya watoto, tutamlaumu vipi Mwingereza aliyeziweka kwenye fungu la nyinginezo? Walimu wetu wanaoandika barua za mapendekezo nao waache kutusifu kwa nidhamu na bidii kama wanamwombea mtu kazi ya ndani. Waandike tulichogundua. Na kaka na dada wanaonyoosha barua za wadogo zao waache kuuza kibatari.

Dirisha la maombi linafunguliwa tena Septemba. Nitaomba uzamivu, katika vyuo viwili, si sita, na nimeshawaandikia wote wawili kuwauliza kama wanapokea shahada zangu kuwa uthibitisho wa Kiingereza. Kimoja kimekubali. Cha pili kimenijibu kwa kunitumia kiungo cha kulipia mtihani. Hicho nimekifuta kwenye orodha, na nafasi yake sijampa mwingine. Barua yangu ya dhamira inaanza na toni inayosikika silabi mbili mbele ya pale ilipozaliwa, na inamtaja kwa jina mama aliyenifundisha namna ya kuisikia. Rasimu nimemsomea kwa simu, kwa Kisukuma. Alinikatiza mara mbili kunisahihisha.